Kulala Kijiji, Kuamka Mtaa

Jumatatu moja asubuhi, ukungu ukiwa bado umeukalia Mlima Meru mabegani, nilikuta benchi la ofisi ya mtaa mashariki mwa Jiji la Arusha limekwisha kujaa. Alikuwapo mama aliyefuatana na binti yake, mkononi ameshika fomu ya mkopo wa elimu ya juu. Alikuwapo kijana wa bodaboda ambaye nduguye amelala mahabusu na polisi wanataka mdhamini anayetambulika. Karibu na mlango aliketi mjane mwenye bahasha ya kaki iliyochakaa, ndani yake karatasi za kihamba alichoachiwa na marehemu mumewe. Kila mmoja na shida yake, lakini wote walitafuta dawa moja: barua ya utambulisho yenye sahihi ya mtendaji na muhuri unaosomeka.

Nimeyakalia mabenchi ya namna hiyo miaka mingi, mara kwa shida zangu, mara kwa kazi ya kalamu. Ndiyo maana mikutano ya wakubwa inapozungumzia mageuzi katika utumishi wa umma, mawazo yangu hurudi kwenye chumba hiki chenye meza moja, kabati lisilofunga vizuri na kaunta buku ambamo majina ya wageni huandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu. Mageuzi yote yaliyopata kutangazwa katika nchi hii lazima yapite hapa ndipo yamfikie mwananchi. Mengine hufika, mengine huishia njiani.

Ofisi hii zamani ilikuwa ya kijiji. Olasiti na Moshono, ambazo leo ni kata za Jiji la Arusha, zilikuwa sehemu ya Arumeru kabla mji haujazimeza, na zipo nyingine zinazongoja zamu yao. Mji umefura. Sensa ya 2012 ilikuta watu 416,442 ndani ya mipaka yake. Ya 2022 ikakuta 617,631. Mwaka 2012 Arusha ilipandishwa hadhi kuwa jiji. Arumeru yenyewe, iliyokuwa na halmashauri moja, iligawanywa mwaka 2007 zikapatikana halmashauri mbili, Meru na Arusha. Sasa huko Olmoti, mahali palipozoea mahindi na ng'ombe, pamechaguliwa kujengwa uwanja wa mpira wa watu wapatao 30,000 kwa ajili ya fainali za AFCON 2027. Ardhi iliyouzwa kwa ekari sasa inauzwa kwa hatua za miguu.

Ila kuna jambo ambalo ramani za mipango miji hazilionyeshi. Mtu aliyelala kijijini akaamka mtaani hakubadilishiwa anwani tu. Kuna mamlaka aliyoyaacha nyuma, na wengi waliyaacha bila kujua.

Kijiji, kwa sheria zetu, ni kama mtu mzima. Sheria Namba 7 ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaikabidhi usimamizi wa ardhi, na papo hapo inaifunga mikono: haiwezi kugawa kipande cha ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Bibi asiyejua kusoma ana sauti sawa na mwalimu mkuu. Kila miezi mitatu wanakijiji wanapaswa kukutana na kusomewa mapato na matumizi, na anayetaka kuuliza zile fedha za zahanati zilikwenda wapi anauliza palepale, mbele ya majirani wanaojua bei ya simenti. Ugomvi wa mpaka una baraza lake la ardhi la kijiji, wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu.

Mtaa hauna mamlaka hayo. Una mwenyekiti aliyechaguliwa, una kamati yake na mtendaji aliyeajiriwa, na mikutano ya wakazi huitishwa. Lakini mtaa haumiliki, haugawi wala haushtaki. Ardhi iko mikononi mwa jiji na maofisa wake. Ugomvi wa mpaka huanzia kwenye baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya 2021 halina tena mamlaka ya kuamua kesi za ardhi. Linasuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30, wahusika hupanda ngazi hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa mwenye gari ni safari ya nusu saa. Kwa mjane yule wa bahasha ya kaki ni nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima bila kuuza ndizi zake, na pengine kuambiwa kesi imeahirishwa.

Siwalaumu wanaousifu mji, kwa sababu mji una mema yake. Barabara hupimwa, maji ya bomba huja, na hati ya miaka 99 inaheshimika benki kuliko hatimiliki ya kimila. Serikali ilipoweka ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja katika urasimishaji wa makazi, watu wengi wa kipato cha chini walipata njia. Hata kijiji hakikuwa pepo. Kila aliyewahi kununua shamba huku anaijua ile asilimia kumi inayodaiwa na uongozi wa kijiji, ambayo viongozi wa juu wameikemea mara nyingi bila kuing'oa. Ninachokidai ni kidogo. Miaka yote hii sijakutana na mkazi hata mmoja aliyeniambia kwamba aliitwa, akakalishwa, akaelezwa kinagaubaga ni haki zipi anaziacha na zipi anazipata siku kijiji chake kinapogeuka mtaa. Taarifa zilibandikwa. Na aliyezisoma bila kuwa mwanasheria aliona jina limebadilika, basi.

Watu wa mlima huu hawajasahau jinsi serikali inavyoweza kuja na karatasi. Boma walilolijenga Wajerumani mwaka 1900 bado limesimama pale mjini, siku hizi ni makumbusho ya viumbe na historia ya asili, na watoto wa shule hupiga picha mahali ambapo babu zao waliamrishwa. Walipokuja Waingereza, amri zilivaa adabu zaidi, zikapitia kwa machifu. Mwaka 1947 Jaji Mark Wilson alitoa ripoti ya kupanga upya ardhi ya Arusha na Moshi, na kutokana na ripoti hiyo ikaamuliwa kwamba Wameru wa Engare Nanyuki na Leguruki wahame, mahali pao pawe mashamba 13 ya walowezi. Novemba 1951 wakaondolewa kwa nguvu, watu wapatao 3,000, na nyumba zao zikateketezwa.

Ajabu ya miaka ile ni kwamba utawala uliowaondoa ndio huohuo uliokuwa ukihubiri mabaraza mapya, ya kisasa, yatakayowashirikisha wenyeji. Wameru waliyachukua mahubiri yale kwa uzito kuliko walioyahubiri. Wakachangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, kijana wa Kimeru, akapanda ndege hadi New York kulieleza Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kilichotokea. Alisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Tanganyika. Azimio la kuwarudishia ardhi halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Lakini Kirilo alirudi akazunguka nchini akisimulia, na miaka mitatu baadaye Julius Nyerere aliifuata njia ileile ya New York kwa niaba ya TANU. Watu waliofukuzwa kwenye malisho yao waliifundisha Tanganyika kwamba amri ya serikali inaweza kupelekewa swali.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda mbio. Uchifu ulifutwa 1963. Mwaka 1967, katika ukumbi wa jamii wa Kaloleni, likapitishwa Azimio la Arusha. Mwaka 1972, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zikavunjwa na wakurugenzi wa maendeleo wakatumwa kutoka juu. Jina lilisema madaraka yanashuka, lakini diwani aliyechaguliwa ndiye aliyepoteza kiti. Halmashauri zilirudi 1984, zikiwa na njaa ya mapato.

Njaa hiyo ndiyo iliyozaa yaliyotokea Arumeru mwaka 1998. Halmashauri ilipandisha kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee waliendelea kuiita kodi ya kichwa. Kila mtu mzima alidaiwa, mwenye kahawa na asiye na kitu, wakati ambapo bei ya kahawa haikuwa ya kutegemea na barabara zilikuwa mashimo. Wananchi wa upande wa Meru wakagoma. Tim Kelsall, mtafiti aliyeandika juu ya mgomo ule katika jarida la African Affairs mwaka 2000, aliuhusisha na jinsi siasa za wilaya zilivyokuwa zikibadilika katika zama za soko huria na vyama vingi. Huku mlimani, wanaoukumbuka hawatumii maneno hayo. Wanasema walichoka kulipia wasichokiona. Mwaka 2003 serikali iliifuta kodi ya maendeleo nchi nzima.

Ninaukumbusha mgomo wa 1998 kwa sababu unaeleza thamani ya kitu ambacho leo tunakichukulia kama kero nyingine: ile namba ndefu ya malipo ambayo watu wameizoea kwa jina la kontroo namba. Zamani mtoza ushuru alikuja na kitabu cha risiti, na haikujulikana kurasa ngapi zilichanwa. Mtu alilipa na bado akasimamishwa na mgambo kwenye kizuizi kwa sababu risiti ilipotea. Tangu mfumo wa malipo ya serikali kwa namba ulipoanza 2017, fedha huenda moja kwa moja akaunti ya umma na kila senti ina alama yake. Sokoni Kilombero mashine ya mkononi hutema risiti mbele ya muuza nyanya. Leseni ya biashara huombwa kwa mfumo wa TAUSI. Mwaka 2022 ilikuja operesheni ya anwani za makazi, na vichochoro ambavyo havijawahi kuwa na jina vikapata vibao. Haya ni mabadiliko ya kweli, na waliouona mgomo wa Arumeru wana haki ya kuyafurahia kuliko sisi wengine.

Lakini tembea hatua chache nje ya lango la halmashauri yoyote uone nani hasa anaihudumia nchi. Ni steshenari. Kijana mwenye kompyuta mbili, mashine ya fotokopi na kifurushi cha intaneti ndiye karani mpya. Kwake watu huomba cheti cha kuzaliwa, hujaza fomu ya mkopo wa mwanafunzi, hufungua akaunti ya mfumo wa ajira, hutoa namba ya malipo ya leseni. Mama asiyejua kutumia barua pepe hutengenezewa moja papo hapo, na nywila yake huandikwa nyuma ya bahasha, wakati mwingine kwenye daftari la kijana mwenyewe. Siku mfumo hausomi, kijana huyo ndiye anayemwambia arudi kesho. Hana kiapo cha utumishi wala mkuu wa kumwajibisha, na siri za mtaa mzima ziko kwake. Wengi wao ni waaminifu na wavumilivu kuliko maofisa wa mshahara. Hata hivyo serikali iliyohamia kwenye mtandao ilimwachia dirisha lake mtu isiyemjua, na sioni kwamba imeketi kulifikiria jambo hilo.

Na mtandao huzimika. Mwisho wa Oktoba 2025, uchaguzi mkuu ulipogeuka maandamano na damu ikamwagika mijini, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na huduma zote zinazoitegemea zikanyamaza nayo. Ofisi iliyokuwa bado na kaunta buku iliendelea kuandika majina.

Siasa za Arusha zina uzito wake katika habari hii. Mji huu uliushika ushindani wa vyama kwa mikono miwili. Mgogoro wa kumchagua meya baada ya uchaguzi wa 2010 uliishia kwenye maandamano ya Januari 5, 2011, na watu wakapoteza maisha. Mwaka uliofuata, katika uchaguzi mdogo wa Arumeru Mashariki, Joshua Nassari wa CHADEMA alikitwaa kiti kilichokuwa cha CCM. Miaka baadaye mtu huyohuyo aliteuliwa mkuu wa wilaya. Katika miaka ile ya ushindani niliona mikutano ya mitaa ikijaa. Mwenyekiti wa chama hiki alijua kwamba asiposoma mapato na matumizi, wa chama kile atayasoma kwa niaba yake, tena kwa kipaza sauti. Halafu mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vikajitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao, na mwaka 2024 CCM ikatangazwa mshindi wa zaidi ya asilimia 98 ya mitaa na vijiji. Mwenyekiti asiye na mpinzani anaweza kuwa mtu mwema sana. Ila hana wa kumharakisha.

Pengo hilo limejazwa kwa njia nyingine. Wakuu wa mikoa na wilaya wamezoea kuweka viti na kipaza sauti, watu wakapanga foleni kueleza kero zao hadharani, na palepale ofisa wa ardhi akaitwa ajibu. Nimeona watu wakitoka hapo wakilia kwa furaha, wamepata siku moja kilichowatesa miaka kumi. Siwezi kuwabeza. Lakini uamuzi unaotolewa juani bila faili hukatiwa rufaa kesho yake, na kiongozi akihamishwa, uamuzi wake nao hupoteza mwenyewe. Umati ule unanieleza jambo moja: yule mjane angemaliza shauri lake kwenye baraza la kijiji chake asingehitaji kulieleza mbele ya maelfu.

Wapi basi utawala umebadilika ukafaa? Kwangu mimi, kwenye mifereji. Kabla ya Mjerumani, Wameru na Waarusha walikuwa wakiyaongoza maji ya mlima kwa mifereji hadi vihambani, na kila mfereji ulikuwa na wazee wake, zamu zake na faini zake. Serikali kwa muda mrefu iliwaona kama watu wanaochukua maji bila kibali. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 ilifungua mlango kwa jumuiya za watumia maji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ikalazimika kuketi na watu waliokuwa wakigawana zamu tangu enzi za mababu. Mto Nduruma una wakulima wadogo juu, mashamba makubwa ya maua katikati, na wakulima wengine tambarare chini wanaosubiri kinachobaki. Ugomvi haujaisha, na kiangazi bado watu hulinda maji usiku kwa tochi na panga. Lakini mwenye mfereji sasa ana kiti mezani, na mwenye shamba kubwa anajua kwamba yupo. Hapo serikali haikuanza kwa kubuni chombo kipya. Iliuliza kwanza nani tayari anaifanya kazi hii.

Upande wa ardhi swali hilo halijaulizwa sawasawa. Wameru bado wana washili wao, wakuu wa koo. Waarusha wana laigwanani wa rika. Hawamo kwenye muundo wowote wa jiji. Sitaki kuwapamba: ni wazee wa koo, na mara nyingi koo zimemwambia mjane kwamba ardhi ni ya wanaume. Lile sharti la wanawake watatu katika baraza la kijiji liliwekwa kwa sababu ya maneno kama hayo, na baraza hilo ni moja ya vitu ambavyo mtaa haukurithi. Pamoja na hayo, mtendaji mwenye busara hawezi kuwapita wazee hawa. Wao ndio wanaojua masale yalipandwa lini kwenye mpaka, na nani aliyang'oa usiku.

Zamu ya mjane ilifika saa nne na ushee. Aliamkia, akakaa, akamimina karatasi mezani. Kulikuwa na hati ya mauziano ya mwaka ambao mahali hapa palikuwa kijiji, yenye muhuri wa serikali ya kijiji ambayo haipo tena. Kulikuwa na mchoro wa kampuni ya upimaji na stakabadhi ya fedha alizolipa. Alieleza kwamba bikoni ya wapimaji imesimikwa hatua saba ndani ya masale, na kwamba shemeji yake anasema bikoni ndiyo serikali. Mtendaji, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe wa mwisho, alisikiliza bila kutazama simu. Akamuuliza jina la mtaa na namba ya nyumba, mama akazitaja bila kukosea. Kisha akamuuliza, "Mama, na mshili wenu siku hizi ni nani?"

Akaandika barua mbili. Ya kwanza aliichapa, ya kwenda kwa ofisa ardhi wa jiji. Ya pili aliiandika kwa mkono kwenye karatasi aliyoichana kwenye kaunta buku, akimwomba mshili afike Jumamosi saa tatu asubuhi, pale kwenye masale, pamoja na wanawake wawili wa jirani wanaoujua mpaka. Akazigonga muhuri zote mbili.